Babu Yangu Mshihiri

Ndugu msomaji, siku hizi neno uzalendo limekuwa rahisi mdomoni. Timu ya Taifa ikicheza, kila mtu mzalendo. Mwanasiasa akipanda jukwaani, mzalendo. Kijiweni kwetu mshikaji akivaa fulana yenye bendera, naye mzalendo. Sina ugomvi na fulana wala na jukwaa. Ila mimi nikilisikia neno hilo, anayenijia kichwani ni mzee mmoja aliyekuwa hawezi kulitamka Kiswahili sawasawa, aliyezaliwa mbali na nchi hii, akauza sukari na mafuta ya taa kwa miaka hamsini na kitu pale Ngamiani, Tanga. Ni babu yangu, mzaa baba. Watu walimwita Mshihiri, naye akaitika.

Kwa wasiojua, Washihiri ni Waarabu wa Hadhramaut, kusini mwa Yemen. Jina lenyewe limetokana na mji wa bandari wa Shihr. Si wale Waarabu wa mashamba ya karafuu na majumba ya mawe ambao tumewasoma shuleni. Wengi wao walifika Uswahilini mikono mitupu, wakawa wachukuzi, wauza maji, wauza kahawa, na aliyebahatika akafungua kiduka. Babu alikuwa mmoja wao. Alikuja na jahazi kwa upepo wa kaskazi mwanzoni mwa 1949, akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi.

Kilichomleta ni njaa. Wahadhrami walizoea kuishi kwa fedha walizotumiwa na ndugu zao walioko Java na Singapore. Vita Kuu ya Pili ilipofika huko, Wajapani wakazikamata nchi hizo mwaka 1942, fedha zikakatika. Mvua nayo ikagoma. Ikaja njaa ya 1943 hadi 1944, halafu nyingine ya 1948 hadi 1949. Babu hakupenda kuisimulia. Tulipokuwa watoto tukibakiza wali kwenye sinia, alikuwa hasemi kitu. Anakusanya punje moja moja kwa kidole, anakula. Sisi tulidhani ni ubahili. Bibi ndiye aliyetuambia kwamba katika ile njaa ya pili Babu aliwazika wadogo zake wawili kwa mkono wake.

Basi, Tanga alianza na dele la kahawa. Asubuhi bandarini, jioni mabarazani, vikombe vikigongana mkononi. Kiswahili alijifunza njiani, na herufi "p" ikamshinda mpaka kufa. Pilipili ilikuwa "bilibili", polisi "bolisi". Watoto wa Ngamiani walimwigiza miaka nenda rudi, na yeye akawaigiza wao walivyomwigiza yeye. Baada ya miaka saba ya kahawa akapanga chumba cha mbele cha nyumba moja, akaweka mizani, debe la mafuta, gunia la mchele na pakacha la nazi. Hilo ndilo likawa duka.

Mwaka huohuo akamwoa Bibi, Mdigo wa upande wa Moa. Hapo ndugu zake Washihiri walimkasirikia kwelikweli. Kwao, mtu huoa binti wa ukoo, na akikosa hungoja. Upande wa Bibi nao hawakufurahi. Mjomba wake alisema, "Huyu ni mtu wa jahazi, kusi ikivuma ataondoka." Bibi alikuwa akiirudia kauli hiyo kila mwaka kusi ikianza kuvuma, anamtazama Babu na kuuliza, "Je, mtu wa jahazi, mizigo umefunga?" Ukawa utani wao hadi uzeeni.

Wakati wa kudai Uhuru, TANU haikuwa ikiwapokea wasio Waafrika. Babu hakuweza kupata kadi. Lakini Bibi alikuwa nayo, na mkutano ukifanyika, Babu alipeleka dele lake akawanywesha watu kahawa bila kuchukua senti. Nilipomuuliza zamani kwa nini alifanya hivyo ilhali chama hakimtaki, alinijibu, "Chama cha mke wangu." Bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, walikuwa uwanjani wote wawili na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye baba yangu mkubwa. Baadaye Babu akaomba uraia, akaupata. Karatasi ile aliitia fremu, akaitundika dukani juu ya mizani, kati ya Ayatul Kursiyu na picha ya Mwalimu Nyerere.

Haikuwa karatasi ya kumkinga na kila kitu. Januari 1964 Zanzibar ilipinduka. Waarabu wengi kule waliuawa na wengine wakakimbia, na habari zilivuka bahari upesi kuliko mashua. Tanga hapakuwa na mapinduzi, lakini hofu ilikuwapo. Kuna watu walipita mbele ya duka wakitupa maneno. Usiku ule shemeji zake watatu, Wadigo wenye mapanga yao ya kuchongea nazi, walikuja wakatandika mikeka kizingitini pa nyumba. Yule mjomba aliyemwita mtu wa jahazi alikuwa wa kwanza kufika. Walilala pale siku tisa. Babu alisema hajawahi kuulizwa alipe nini kwa siku zile, na hajawahi kujua alipe nini.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Enzi hizo Tanga ilikuwa ni mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zaidi ya laki mbili, na manamba walitoka Njombe, Songea, Kigoma, hata Burundi, kuja kuukata. Kisha kamba za plastiki zikaingia, bei ikaporomoka. Manamba hawa hawakuwa na benki. Benki ilikuwa ya watu wenye viatu. Mshahara ukitoka, wengine waliunywa wote, na wengine wakatafuta mtu wa kuwawekea. Wakampata Mshihiri wa Ngamiani. Walimpa shilingi ishirini, hamsini, mia, wakasema, "Nitunzie, nitazifuata nikienda kwetu." Na wachuuzi wa samaki nao, na mama wauza maandazi nao. Babu aliziandika katika daftari, kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu kwa sababu ndizo alizozijua. Fedha zenyewe aliziweka kwenye kisanduku cha mkangazi chini ya kitanda, mbali na fedha za duka. Hakuzifanyia biashara. Alisema amana si mtaji.

Kuna kitu kingine alichokifanya ambacho mpaka leo nakistaajabia. Kando ya kila jumla ya fedha aliandika tarakimu ndogo: siku hiyo fedha zile zingenunua kilo ngapi za sukari. Kwa nini? Kwa sababu aliona bei zinavyopanda. Mtu akija baada ya miaka sita kuchukua shilingi zake mia, Babu alihesabu kwa sukari na akamwongezea. Sheikh mmoja akamwambia mia ni mia, deni halizidishwi. Babu akamjibu kwamba hakuna mkataba wa kuzidisha, bali anatoa kwa hiari yake, na hilo sheria inaruhusu. Sheikh akanyamaza. Kumbuka, mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi nane. Mwaka 1990 ilikwishavuka 190. Nani leo, kati ya matajiri wetu wenye kompyuta, anayemhesabia maskini hasara ya namna hiyo?

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yafungwe, yafunguliwe ya ushirika na ya vijiji. Babu akafunga. Bibi alilia, yeye akalitafuta dele la kahawa lililokuwa limeota kutu, akalisugua kwa mchanga na ndimu, akarudi mabarazani akiwa mtu mzima mwenye watoto watano. Wateja wa amana walimfuata hukohuko. Bidhaa ziliadimika vibaya, serikali yenyewe ikaona, operesheni ikasimamishwa, duka likafunguliwa tena. Ndugu zake waliokwenda Saudia wakati fedha ya mafuta imefumuka walimwandikia: "Njoo Jeddah, huko mnachezewa." Baba mkubwa alitaka waende. Babu alikataa. Nyumba iligawanyika, watu wakala bila kuongea kwa wiki nzima.

Baba mkubwa huyohuyo alikuwa mgambo. Idi Amin alipolivamia eneo la Kagera, Oktoba 1978, akachukuliwa kwenda vitani. Wananchi nchi nzima walichangia ng'ombe, vyakula, fedha. Babu alitoa magunia mawili ya mchele na mtoto. Alisema hivyo kwa mzaha, "magunia mawili na mtoto", lakini Bibi anasema usiku alikuwa halali, redio sikioni. Mtoto alirudi mwaka uliofuata, mzima wa mwili. Miaka miwili baadaye akaondoka kwenda Uarabuni, na hajarudi kuishi. Kwa hiyo katika familia yetu aliyepigania nchi hii vitani ndiye aliyeihama, na aliyezaliwa ng'ambo ndiye aliyebaki. Mambo hayaendi kama hotuba.

Ikaja 1983, mwaka wa wahujumu uchumi. Vijana wenzangu hawaujui, wakauliziane nyumbani. Nchi ilikuwa haina sabuni, haina sukari, watu wanakula unga wa njano waliouita Yanga. Serikali ikaanza kuwasaka walanguzi. Walanguzi walikuwapo, tena wakubwa. Lakini hofu ilimshika hata mwenye doti tatu za khanga. Watu walitupa mali usiku vichakani na baharini. Bibi alimsihi Babu atupe. Alikuwa na mifuko miwili ya sukari, sabuni, na kile kisanduku. Babu akasema, "Mali ya halali nitaitupaje? Na amana ni ya kwangu hata niitupe?"

Wakaja alfajiri. Sukari ilikuwa na risiti, ikahesabiwa, ikaachwa. Tatizo likawa kisanduku. Fedha nyingi, zimefungwa vifurushi vifurushi kwa uzi, na daftari lenye maandishi ambayo hakuna ofisa aliyeweza kuyasoma. Wakamuuliza ni kitu gani. Akasema ni fedha za watu. Watu gani? Wamo humo. Wakacheka. Mmoja akasema ni barua za siri za Kiarabu. Wakamchukua, yeye na kisanduku na daftari lake.

Siku ya nne mkubwa wao, ambaye kwa kweli alikuwa mtu mwenye subira, akaagiza aletwe mwalimu wa chuo cha Kurani alisome lile daftari mbele ya watu. Mwalimu akafungua, akaanza kusoma kwa sauti. Kumbe ni Kiswahili kitupu! Mama muuza maandazi wa karibu na reli, shilingi mia na arobaini. Mkata mkonge wa Kigoma, mwenye kovu la shavu, mia tatu na arobaini. Mvuvi fulani, sitini. Jina baada ya jina. Habari zikatoka nje, na kufika adhuhuri uwanja wa pale ulijaa wenye majina. Hawakuja kuandamana, walikuja kusema, "Ndiyo, zangu hizo." Yule mama wa maandazi alisema mbele ya wote, "Mkimfunga huyu, mtanipa nyinyi fedha zangu?" Siku ya saba Babu akaachiliwa. Kisanduku kilirudi na fedha zake zote, na hilo nalo lazima nilisema, kwa kuwa ni kweli.

Kesho yake akafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida. Barua ya Jeddah ikaja tena, na safari hii hata Bibi alisema tuondoke. Baba yangu, aliyekuwa kijana wakati huo, anakumbuka jibu. Babu alilifungua daftari, akahesabu, akasema, "Watu arobaini na moja. Nikiondoka, nitawatafutia wapi?" Hakutaja nchi, wala chama, wala Mwalimu aliyetundikwa ukutani. Alitaja watu arobaini na moja.

Mimi nadhani hapo ndipo uzalendo wake ulipokuwa. Lakini msinielewe vibaya kwamba nataka kumfanya malaika.

Alirudi kwao mara moja tu, mwaka 1992, Yemen mbili zikiwa zimeungana tangu 1990. Mama yake alikwishafariki zamani, habari ikamfikia kwa barua miezi mitano baada ya maziko. Kule Hadhramaut walimwita Msawahili. Wakamcheka Kiarabu chake kilichojaa "basi" na "haya". Watoto wake wakaambiwa ni muwalladi, wa kuchanganyika. Alikaa wiki tatu, akazuru makaburi, akarejea. Bibi akamuuliza, "Kwenu kulikuwaje?" Akasema, "Kwetu hakuna nazi." Mwaka 2015, vita vilipokuwa vimepamba moto kule na Al-Qaida wakauteka mji wa Mukalla, alishinda na redio kama wakati wa Kagera. Mtu aliyewaza kwamba uraia unafuta kilio cha ulikotoka hajamwona mzee wa miaka zaidi ya themanini analilia mji aliouona mara mbili tu maishani.

Na lipo jingine, zito zaidi. Shangazi yangu mkubwa alimaliza darasa la saba mwaka 1978, akachaguliwa kwenda sekondari. Katika shule yao walichaguliwa wasichana wawili tu. Babu akakataa. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani mara mbili, akapewa kahawa mara mbili, akaambiwa hapana mara mbili. Mwaka uliofuata shangazi akaozwa. Babu huyuhuyu aliyemhesabia mkata mkonge sukari yake! Hakuwahi kueleza, na enzi zake wengi walifanya vilevile. Lakini wengine hawakufanya, hata Ngamiani.

Babu alifariki mwaka 2016. Maziko yalijaa mtaa. Siku ya hitima watu walisimama mmoja mmoja kumsifu, na kila aliyesimama alitaja amana. Wa mwisho alikuwa shangazi, upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Alisema taratibu, lakini sote tulisikia: "Baba aliwarudishia watu wote amana zao. Yangu mimi hakunirudishia. Namsamehe, ila nataka iandikwe." Watu wakainamisha vichwa. Wajomba wengine walinung'unika eti si mahali pake. Mimi nilikuwa nimekaa pazani, nikaona afadhali aseme.

Ndiyo maana nimeandika. Shangazi alitaka iandikwe, nami ndiye niliyebahatika kusoma hadi chuo, kwa fedha za duka lilelile. Mabinti wa shangazi nao walisomeshwa na Babu, wote watatu, mmoja sasa ni mwalimu wa hisabati. Labda yalikuwa malipo, kwa hesabu ya sukari. Nilimuuliza shangazi. Akasema, "Wao wamelipwa. Mimi bado." Sikuwa na jibu.

Wenzangu tunaoanza kuandika, tunapenda kuwatafuta mashujaa mbali. Hebu tukawaulize bibi zetu kabla hawajaondoka. Na tuandike yote, la kujivunia na la kuuma, maana msifiwa asiye na doa hasomeki, na mzee aliyeishi hastahili kufanywa sanamu.

Daftari ninalo mimi. Nilijifunza zile herufi kwa mwalimu wa chuo, miezi minane, ili nilisome mwenyewe. Karibu majina yote yamepigwa mstari: amelipwa, amelipwa, wamelipwa warithi. Limebaki moja lisilo na mstari. Ni yule mkata mkonge wa Kigoma, mwenye kovu la shavu. Mwaka ule wa 1983 mwenyewe hakuwapo uwanjani, alikuwa amekwisha kwenda zake, na hakurudi kuzifuata. Tumeulizia kwenye mashamba, tumetuma watu Kigoma, wapi. Sheikh ametuambia tunaweza kuzitoa sadaka kwa niaba yake. Baba amesema tungoje kidogo. Kila Ramadhani anakwenda sokoni, anauliza bei ya sukari, anaongeza kinachopungua kwenye kisanduku.

Ndugu msomaji, kama babu yako alikata mkonge Tanga, akawa na kovu shavuni, na aliwahi kukutajia Mshihiri mmoja asiyejua kusema pilipili, njoo Ngamiani uliza duka. Fedha zenu zipo.